Aliyetaka Kujua Kama Lori Lilianguka

Mwezi uliopita nilikwenda kununua chakula cha kuku pale Singida mjini, kwenye duka lililopakana na mashine ya kukamua alizeti. Muuzaji alipofungua gunia la mashudu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa, ile harufu nzito, tamu kidogo, yenye mafuta na joto la mashine, ikanipanda puani. Mimi, mwanamke wa heshima zangu, mwenye mkoba wa ngozi na miwani ya kusomea, nikainama juu ya gunia na kunusa kama mbuzi. Muuzaji akadhani nakagua ubora. Nikamwacha adhani hivyo. Kumbe nilikuwa nanusa vitabu.

Ngojeni niwaeleze. Kwetu Kinyangiri, nilipokuwa mtoto, vitabu vya katuni vilinuka mashudu. Vililetwa na mjomba Gunda, mdogo wake mama, aliyekuwa utingo wa lori lililobeba mashudu na vitunguu. Lori lake lilisimama sana Shelui, pale barabara kuu ya kwenda Nzega, na Shelui palikuwa na kibanda kimoja kilichouza betri, sigara, peremende na katuni. Mjomba alizinunua kisha akazichomeka katikati ya magunia, kwa kuwa dereva wake alikuwa mtu wa kucheka wenzake. Zilipofika kwetu zilikuwa zimekunywa mafuta. Karatasi ilikuwa imelainika hadi picha ya ukurasa wa nyuma inaonekana mbele, na mara nyingi shujaa wetu alionekana ana masharubu ambayo kwa kweli yalikuwa ya adui yake upande wa pili.

Shujaa mwenyewe aliitwa Chausiku Gia. Alikuwa mwanamke dereva, mnene, amefunga kilemba, anaendesha lori la tani kumi liitwalo Mbichwa. Mbichwa lilikuwa na macho pale penye taa na lilisema likikasirika. Adui yao alikuwa Bwana Nondo, mwizi wa madaraja. Ndiyo, alikuwa akiiba madaraja. Unalala kuna daraja, unaamka halipo, Bwana Nondo ameshalikata vipande na kuliuza chuma chakavu. Wino mwekundu wa katuni zile haukukaa ndani ya mistari, kwa hiyo midomo ya Chausiku ilikuwa shavuni na kilemba chake kilielea pembeni ya kichwa. Hatukujali. Mimi na rafiki yangu Rukia, binti wa jirani yetu, tulikaa juu ya jabali nyuma ya nyumba yetu, mbuzi wakihangaika chini yetu na upepo ukitaka kutupokonya kurasa. Mimi nilisoma kwa sauti, Rukia alitoa mlio wa injini. Watoto wengine wakaongezeka, hadi jabali likajaa makalio.

Sasa nimlete Mwalimu Msengi. Sitamleta kwa upendo, mnisamehe.

Mwalimu Msengi alikuwa mwembamba, mrefu, na alivaa tai katika kijiji ambacho hata mchungaji alivaa tai Krismasi tu. Alitufundisha Kiswahili darasa la tano, na juu ya hapo alikuwa mtunza maktaba. Maktaba yenyewe ilikuwa kabati moja ofisini, la mbao, lenye kufuli. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya msaada vilivyotoka ng'ambo ya mbali, vizito, vya Kiingereza, kimoja kikieleza namna ya kutunza farasi wakati wa theluji. Tulijua hivyo kwa sababu mara moja kwa mwaka, wageni wa elimu walipokuja, kabati lilifunguliwa na sisi tukaoneshwa migongo ya vitabu. Kuvigusa ilikuwa marufuku, kwa kuwa mikono yetu ilikuwa ya mlenda. Alisema hivyo hivyo: mikono ya mlenda. Mchwa, ambao hawakuwa na mikono, waliendelea na masomo yao mle ndani bila kusumbuliwa.

Katuni alizichukia kwa maneno. "Karatasi inayochekesha haifundishi," alisema kila Jumatatu mstarini, akiwa ameinua kidole kama anapima upepo. Akikukamata na katuni, alikuita mbele, akaishika kwa ncha za vidole viwili kama mtu anayetoa panya aliyekufa kwenye mtungi, akasoma jina lake kwa sauti ya kinyaa, kisha ukapata fimbo tatu. Baadaye, nyuma ya ofisi, moshi ulipanda kutoka kwenye debe. "Zimekwenda zinakostahili," alisema.

Katuni zangu saba zilikwenda hivyo, moja baada ya nyingine, kuanzia namba moja hadi namba saba. Rukia alilia zilipochukuliwa. Mimi sikulia. Niligundua mapema kwamba kuna kitu kitamu kuliko kulia, nacho ni kumdharau mtu kimoyomoyo huku unamwamkia. "Shikamoo, Mwalimu," nilisema, na ndani yangu nilikuwa namtazama kutoka juu ya mnara. Nilimdharau kwa tai yake, kwa kabati lake, kwa namna alivyofuta ubao kana kwamba anaosha mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na sidhani kama nimewahi kuwa hodari katika jambo lolote tangu wakati ule kama nilivyokuwa hodari katika dharau.

Namba saba ilikuwa imeishia pabaya. Bwana Nondo alikuwa amekata daraja katikati, na Mbichwa likabaki linaning'inia, magurudumu ya mbele hewani, chini yake mto wenye mamba waliovaa miwani ya jua. Chausiku alikuwa ameshika usukani, jasho linamtoka. Maneno ya mwisho yalikuwa: "Je, lori litaanguka?" Tulisubiri miezi. Halafu mjomba Gunda akaja na namba nane.

Hiyo sikuipeleka shuleni wala jabalini. Niliisoma na Rukia ndani ya kihenge cha bibi, tumekaa juu ya uwele kwa mwanga wa tundu la juu, punje zikituingia kwenye nguo. Lori halikuanguka, au tuseme lilianguka lakini halikuzama. Mbichwa lilikiri kwa aibu kubwa kwamba tangu utotoni linajua kuogelea, ila lilikuwa likificha kwa sababu si tabia ya malori. Likaogelea hadi ng'ambo, mamba wakipiga makofi. Tulicheka hadi Rukia akapaliwa na vumbi la uwele. Kisha tukaifukia mle mle, tukaapa kutomwambia mtu.

Wiki ile ile Mwalimu Msengi akasimama mstarini. "Nina habari," alisema, "kwamba namba nane imeingia kijijini. Aliyenayo ailete mwenyewe, hatapigwa."

Rukia alinifinya. "Amejuaje ni namba nane?" akanong'ona. Swali zuri sana, lakini mimi nilikuwa kwenye mnara wangu na sikulisikia vizuri. Nilichoona ni kwamba Mwalimu ananiangalia mimi, na mimi nikamwangalia bila kupepesa. Siku ya pili akaniita ofisini. Hakuwa na fimbo.

"Yunisi, mjomba wako amefika?"

"Amefika, Mwalimu."

"Hakuleta kitu?"

"Ameleta mashudu, Mwalimu."

Akapigapiga meza kwa kalamu. "Haya, nenda darasani." Nilitoka nikiwa nimevimba kwa ushindi.

Siku chache baadaye Mwalimu akashikwa na malaria. Alikuwa anaishi peke yake katika nyumba ya walimu, na mke kama aliwahi kuwa naye, hakuna aliyemwona Kinyangiri. Mama, ambaye hakujua lolote kuhusu vita yetu, akanipa kibuyu cha maziwa ya mgando. "Mpelekee Mwalimu wako, umpe pole. Na umwamkie vizuri, usiingie na uso huo."

Nilibisha hodi. Hakuna aliyejibu, ila mlango ulikuwa wazi, nikaingia kuweka kibuyu mezani. Chumba kilinuka dawa na mafuta ya taa. Mezani palikuwa na sahani yenye ugali uliokauka, daftari la mahudhurio, shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, yenye uzi wake, na kitabu kinene nisichokijua. Jalada lake lilikuwa karatasi ya mfuko wa saruji, limekunjwa pembe kwa ustadi, na juu yake, kwa ule mwandiko mzuri aliotuandikia ubaoni, palikuwa pameandikwa: Chausiku Gia, 1 hadi 7.

Nikakifungua. Zilikuwa zangu. Ile namba mbili yenye alama ya kidole changu cha mlenda. Namba tano iliyotafunwa pembe na mbuzi. Mahali palipotafunwa alikuwa amebandika kipande cha karatasi na kumalizia kwa penseli mguu wa Chausiku uliokosekana. Zote zilikuwa zimeshonwa pamoja, mshono umenyooka kuliko wa fundi cherehani. Mwisho kabisa alikuwa ameshona karatasi tupu kadhaa, akaziacha.

"Yunisi."

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha ndani, amejifunga shuka, amefunga kitambaa kichwani, bila tai. Sikuwahi kumwona bila tai. Shingo yake ilikuwa nyembamba kama ya kuku aliyenyonyolewa.

"Shikamoo, Mwalimu. Mama amesema pole."

"Marahaba." Alitazama kitabu mikononi mwangu, nami nikakitazama. Nilitegemea atanifokea. Akaketi kwenye kiti polepole, kama mtu mwenye maumivu ya kiuno. Nje kuku walikuwa wakiparua. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni:

"Hivi, lori lilianguka?"

Nataka mwelewe nilivyojisikia. Mtu huyu alikuwa amenipiga fimbo ishirini na moja kwa ajili ya kitabu alichokuwa akikishona kwa shazia. Kumbe moshi wa debe ulikuwa wa kitu kingine, labda maganda ya karanga. Alikuwa amesimama mstarini akiita takataka kitu ambacho usiku wake kilikuwa kinamsubiri mezani. Nilimtazama, na dharau yangu, ambayo nilikuwa nimeilea kama ndama, ikasimama kwa miguu yake minne.

"Lilianguka, Mwalimu," nikasema. "Limezama. Chausiku amekufa. Mamba wamemla."

"Amekufa?"

"Ndiyo. Na katuni imeishia hapo. Hawatoi tena."

Alichukua kibuyu, akamimina maziwa kwenye bakuli, akakisuuza kwa maji, akanirudishia. "Mshukuru mama," alisema. Nilipofika njiani nilikuwa nakimbia, si kwa hofu, kwa haraka ya kwenda kusimulia.

Nilimsimulia Rukia. Rukia hakucheka kama nilivyotaka, lakini wengine walicheka. Kufikia Ijumaa shule nzima ilijua kwamba Mwalimu Msengi anasoma katuni akiwa amejifunga shuka. Alipopona na kurudi, wavulana wa darasa la saba walinguruma kimyakimya alipopita: vruuum. Hukujua mlio umetoka wapi. Aligeuka, wote wamenyooka kama mishumaa. Mstarini aliinua kidole, na kabla hajasema chochote mtu nyuma akapiga breki kwa mdomo. Kidole kikashuka. Walimu wenzake walijua pia, nao walikuwa wabaya kuliko sisi. Wao walicheka mbele yake na kumwita Dereva.

Mwisho wa muhula aliomba uhamisho. Siku ya mwisho aliingia darasani, akafika kwenye dawati langu, akaweka kile kitabu cha jalada la saruji, akaendelea kwenda ubaoni kana kwamba amesahihisha daftari tu. Siku hiyo alitufundisha ngeli. Hakuna aliyenguruma.

Jioni nikakipeleka jabalini. Watoto walikusanyika. Na hapo ndipo nilipoona kwamba zile karatasi tupu za mwisho hazikuwa tupu tena. Alikuwa ameziandika na kuchora kwa penseli, namba nane yake mwenyewe. Michoro ilikuwa mibaya. Magurudumu yake yalifanana na viazi vitamu, na Chausiku alikuwa na shingo kama ya twiga. Nilifurahi sana. Nikasema, "Sikilizeni upuuzi wa Mwalimu," nikaanza kusoma kwa sauti ya kumuiga, ile ya puani.

Katika hadithi yake, lori lilianguka kweli, kama nilivyomwambia. Lakini Chausiku hakufa. Alishika mzizi ukingoni akapiga honi ya mdomo, na watu wa kijiji cha jirani wakasikia, wakaja na kamba ya katani na maksai. Kisha yalifuata majina ya waliovuta kamba. Nilianza kuyasoma kwa mbwembwe, na katikati nikasikia nilichokuwa nasoma. Yalikuwa majina yetu. Yote, kwa mpangilio wa daftari la mahudhurio, darasa la tano zima, na kila mmoja alikuwa na neno lake. Hamisi aliyevuta kwa meno kwa sababu mikono ilikuwa imechoka. Rukia aliyenguruma kwa nguvu hadi maksai wakadhani ni lori jingine na kuongeza mwendo. Na mbele kabisa, miguu ndani ya maji, ameshika ncha ya kamba: Yunisi, asiyeogopa mamba.

Nilitegemea kicheko. Hakikuja. Hamisi alikuwa amefumbua mdomo. Rukia akasogea karibu, akasema, "Rudia pale pangu."

"Ni upuuzi," nikasema. "Namba nane ya kweli unaijua mwenyewe. Lori linaogelea."

"Najua. Rudia pale pangu."

Sikurudia. Walinibembeleza mmoja mmoja, kila mtu na pale pake, na mimi nikazidi kukasirika, kwa kuwa walikuwa wananiacha peke yangu kwenye mnara. Nilikunja kitabu nikaondoka. Nilipofika nyumbani, mama alikuwa ametenga chungu cha mlenda na moto ulikuwa unasinzia. Nilichana zile karatasi za mwisho, nikazisukuma chini ya chungu. Zilishika haraka, karatasi kavu isiyo na mafuta. Mama akasema, "Asante, mwanangu, moto ulikuwa unanisumbua."

Rukia alikaa muda mrefu bila kusema nami. Namba nane ya kweli, tulipokwenda kuifukua msimu uliofuata, ilikuwa imeliwa na panya, imebaki picha moja ya mamba anayepiga makofi.

Nilikua, nikasoma, nikapata kazi inayonilazimu kuvaa vizuri. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na shughuli Ilongero, na dada mmoja aliyetuuzia chai akamtaja Mwalimu mstaafu Msengi, anaishi hapo karibu. Nilipanda bodaboda nikaenda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba lori liliogelea. Nilitaka pia kumwambia kwamba hadithi yake ilikuwa nzuri kuliko ile ya dukani, ingawa hilo sikuwa na uhakika kama ningeweza kulitamka.

Alikuwa ameketi uani, amezeeka vibaya, na alivaa tai. Nilimwamkia, nikataja jina langu na la baba yangu. Alinikumbuka, au alijifanya. Tulizungumza kuhusu mvua na bei ya alizeti. Mjukuu wake, binti mdogo, alikuwa kwenye mkeka akiangalia katuni kwenye simu na kucheka.

"Mwalimu," nikasema, "unakumbuka Chausiku Gia?"

"Nani?"

"Kile kitabu cha katuni. Ulikishona. Ulituandikia mwisho wake, ukaweka majina yetu."

Uso wake ulijifunga mbele yangu, kipande kwa kipande, kama duka linalofungwa. "Umenichanganya na mtu mwingine," alisema. "Mimi sijawahi kusoma takataka hizo maishani mwangu." Kisha, bila kugeuka, kwa sauti niliyoitambua: "Wewe, zima hiyo simu. Kinachochekesha hakifundishi."

Mtoto akazima. Akabaki ameishika mapajani, ameinamisha kichwa.

Dharau yangu ya zamani iliamka mara moja, ikiwa na afya tele. Nilitamani kumwambia mzee huyu yeye ni nini. Lakini nilimwona mtoto, nikaona namna mzee anavyotazama pembeni asikutane na macho yangu, na nikaelewa jambo ambalo mtu mwenye akili angelielewa tangu siku ya kile kibuyu cha maziwa. Mwalimu Msengi alikuwa mtu mwenye aibu, aliyependa kitu na kukificha kwa fimbo. Mara moja tu katika maisha yake alimwuliza mtu swali la kweli. Mtu huyo nilikuwa mimi. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Niliaga. Alinijibu vizuri sana, kwa adabu zote, akanitakia safari njema. Nilipanda bodaboda nikarudi Ilongero nikiwa na dharau yangu nzima, ile ile niliyoifuga tangu utotoni, na kwa mara ya kwanza sikuwa na wa kumpa isipokuwa mimi mwenyewe.